Namna ya Kutambua Makumbusho Bora katika Miji ya Milimani

Makumbusho ya mji wa mlimani hupimwa kwa swali moja: yakihamishiwa Dar es Salaam au Nairobi, yatapoteza nini? Kama hayatapoteza kitu, endelea na safari yako. Kama yatapoteza karibu kila kitu, shuka garini hata kama saa zinakubana. Swali hilo linafaa pia kwa vituo vya wageni na kwa maktaba. Ukubwa wa jengo, wingi wa makabati ya vioo na bei ya kiingilio havikuambii lolote. Vipimo vifuatavyo vitakusaidia kujibu swali hilo.

Anza na jengo

Kabla ya kukata tiketi, lizunguke jengo. Huko Kapenguria, kwenye nyanda za juu karibu na milima ya Cherangani, makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1993 yamo ndani ya jela ya zamani. Vyumba walimofungiwa wapigania uhuru Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng Oneko vingalipo. Walikamatwa Oktoba 1952 na kuhukumiwa hapo hapo Aprili 1953. Wakoloni waliipenda Kapenguria kwa sababu ya umbali wake. Mawakili wa utetezi, wakiongozwa na D. N. Pritt, walilazimika kulala Kitale na kupanda kwenda mahakamani. Umbali huo ulikuwa sehemu ya adhabu, na msafiri wa leo huuelewa kabla hajafika mlangoni. Picha za mashujaa hao unaweza kuzitundika popote, ila vyumba vile viko Kapenguria tu.

Arusha nako kuna mifano miwili mizuri. Makumbusho ya Azimio la Arusha yamo katika ukumbi ambamo Halmashauri Kuu ya TANU ilijadili Azimio hilo Januari 1967, kabla ya kutangazwa Februari 5. Makumbusho ya Elimu ya Viumbe nayo yamo katika boma la Wajerumani. Katika majengo ya aina hii, tafuta maelezo ya nani aliyajenga, nani aliyatumia, na nani aliteswa ndani yake. Boma lisiloelezwa hubaki kuwa kuta nzuri za kupigia picha.

Uliza kitu kimefikaje

Maelezo dhaifu hutaja jina la kitu na kuishia hapo. Maelezo mazuri husimulia njia kilichopita. Kipimo hiki hakipatikani kokote kwa uzito kama pale Kalenga, nje kidogo ya Iringa, linapotunzwa fuvu la Mtwa Mkwawa, kiongozi wa Wahehe. Mashujaa wake walikishinda kikosi cha Kijerumani cha Emil von Zelewski huko Lugalo mwaka 1891. Wajerumani wakaivunja ngome ya Kalenga mwaka 1894, na Mkwawa akajiua mwaka 1898 ili asikamatwe. Kichwa chake kilikatwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu, lakini lilirudi mwaka 1954 tu, mikononi mwa Gavana wa Tanganyika, Edward Twining.

Swali la mjuzi ni hili: lilitambuliwaje? Twining alilichagua katika makumbusho ya Bremen miongoni mwa mafuvu mengi, kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa. Mwongozaji anayekueleza hayo bila kuogopa swali lako la pili anakuheshimu wewe, na anamheshimu Mkwawa pia. Heshima ya shujaa huyo haitegemei kufichwa kwa shaka.

Nakala ijulikane kuwa nakala

Nyayo za jamii ya binadamu wa kale huko Laetoli, zenye umri wa takriban miaka milioni 3.6, ziligunduliwa mwaka 1978 na kikosi cha Mary Leakey. Baadaye zilifukiwa upya ili mizizi na mvua visiziharibu. Fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana Oldupai mwaka 1959, linahifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kwa hiyo, katika nyanda za juu za kaskazini mwa Tanzania nyayo na fuvu unavyooneshwa ni nakala. Hakuna aibu hapo. Nakala nzuri hukuonesha kina cha kisigino na mkao wa kidole gumba kuliko picha yoyote. Kasoro huanza pale neno "nakala" linapoandikwa kwa herufi ndogo chini ya kabati, au lisipoandikwa kabisa.

Angalia mwanga na unyevu

Makumbusho ya Kitale yalianza na mkusanyiko wa Luteni Kanali Stoneham, mkoloni aliyependa wadudu na ndege. Yalifunguliwa kwa umma mwaka 1974. Vipepeo na manyoya hupauka juani, basi tazama kama madirisha yana pazia na kama makabati yamekaa mbali na jua la mchana. Kisha nenda nyuma ya jengo. Pale Kitale kuna kipande cha msitu wa asili chenye njia ya kutembelea, na huo ndio ushahidi mkubwa kuliko wote: viumbe waliomo makabatini walitoka katika mazingira ya namna hii.

Milimani adui mkubwa wa karatasi ni unyevu. Hewa ikizidi takriban asilimia 65 ya unyevu kwa muda mrefu, kuvu huota. Katika maktaba, angalia rafu: zimeachana na ukuta wa nje? Ile ya chini imeinuka kutoka sakafuni? Ukivuta pumzi ukanusa kuvu, vitabu vya zamani vimo hatarini, hata kama kaunta inang'aa.

Maktaba ipime kwa kitabu kimoja

Chagua kitabu ambacho mji ule ungepaswa kuwa nacho. Lushoto, ulizia *Habari za Wakilindi* cha Abdallah bin Hemedi, historia ya watawala wa Usambara iliyoandikwa kwa Kiswahili. Moshi, ulizia *Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera* cha Petro Itosi Marealle, kilichotoka mwaka 1947. Sikiliza jibu. Mkutubi mahiri hukupeleka moja kwa moja kwenye rafu ya vitabu vya mkoa. Asipokuwa nacho, atakuambia umtafute nani. Mkutubi anayesema "hakuna" na kurudi kwenye karatasi zake amekujibu kuhusu maktaba nzima.

Kituo cha wageni kielekeze mlimani

Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo, Mlima Kilimanjaro, Oktoba 6, 1889. Kituo kinachoishia hapo kimesema nusu ya habari. Safari ile ilikuwa na waongozaji na wapagazi, na wapagazi ndio wanaowapandisha wageni hadi leo. Tafuta majina yao, mizigo yao na hali ya kazi yao. Tafuta pia maji: mifongo iliyochimbwa na Wachagga kuyashusha kutoka msituni hadi vihambani ni ufundi unaostahili nafasi kubwa kuliko orodha ya wapanda mlima mashuhuri. Mwisho, tafuta tarehe kwenye habari za barafu. Kati ya mwaka 1912 na 2011 Kilimanjaro ilipoteza takriban asilimia 85 ya barafu yake. Bango linalosifu theluji bila kutaja mwaka ni pambo.

Ukiridhika, onesha

Kama maelezo yameandikwa Kiswahili kamili, si muhtasari wa Kiingereza, na wanafunzi wa shule za jirani wanaingia na kutoka, umefika mahali pazuri. Lipa kiingilio bila kuomba punguzo. Katika kitabu cha wageni usiandike "pazuri sana". Andika kitu kilichokufaa kwa jina lake, na kimoja ulichokikosa. Mhifadhi anayefanya kazi mbali na makao makuu anahitaji kujua ni lipi wageni wamelithamini, ili hilo hilo alipiganie bajeti inapogawanywa.