Kinundu cha Kunde: Nimekipasua, Nimekubali

Jamani, kunde! Nimezila tangu utotoni hapa Voi, majani na mbegu, wala sikuwahi kuinamia mizizi yake. Leo asubuhi nimechimbua shina moja taratibu, nikalichovya kwenye ndoo mpaka udongo mwekundu ukatoka, na vinundu hivyo hapo, vimeganda mizizini kama shanga. Nikachukua wembe nikapasua kimoja. Ndani ni chekundu kama nyama mbichi! Hiyo ni leghemoglobini, ndugu wa kile kinachoipa damu yetu rangi, inayoibana oksijeni isije ikakiharibu kimeng'enya cha nitrojenesi. Wala mbegu sikuzipaka Biofix, ile chanjo ya bakteria iliyotoka Chuo Kikuu cha Nairobi. Bakteria waliomo kinunduni ni wa udongo wetu wenyewe.

Asilimia 78 ya hewa ni nitrojeni, nayo kunde peke yake haiwezi kuila. Bakteria wanaigeuza kuwa amonia kwa nitrojenesi hiyo, kila molekuli ya nitrojeni ikigharimu angalau ATP 16 (sarafu ya nishati ya seli), na sukari ya mmea ndiyo inayolipa bili. Kiwanda cha mbolea kinahitaji joto la nyuzi 400 na zaidi kwa kazi hiyohiyo!

Lakini kilichoninyima usingizi ni asidi za amino. Mwaka 2009 mwanasayansi Philip Poole na wenzake walionyesha, kwa njegere, kwamba bakteria wakishaingia kinunduni huacha kujitengenezea lusini, isolusini na valini za kuwatosha. Wanaletewa na mmea! Wale walioharibiwa milango ya kuzipokea walidumaa, na mmea nao ukageuka manjano kwa njaa ya nitrojeni. Sasa niambie, mwenye nyumba ni nani na mpangaji ni nani?

Kunde ina mtindo wake: nitrojeni huipandisha majanini hasa kama yuridi, wakati njegere hutumia zaidi asparajini.

Kasoro ipo, na kwa Voi si ndogo: udongo ukikauka, kinundu hulegeza kazi. Na ndovu wa Tsavo akiingia shambani haulizi kuna nini mizizini.

Hata hivyo, kumi kwa kumi. Vuli ikinyesha, ngoja kunde zako zikaribie kutoa maua, kisha chimbua shina moja. Usiling'oe kwa nguvu, vinundu vitabaki ardhini.