Mizani ya Majani

Sisi wapenzi wa ushairi tuliolelewa mwambaoni tuna swali letu moja tunalolitupa kila tusikiapo muziki wa kizazi kipya: vina viko wapi, na mizani ni ngapi? Swali hilo nami nimelitupa mara nyingi, tena kwa kejeli, mpaka mwaka 2002 nilipokwenda kushika chaki Matai, kwenye uwanda wa juu wa Ufipa.

Matai siku hizo ilikuwa ndani ya Wilaya ya Sumbawanga Vijijini. Leo ni makao makuu ya Wilaya ya Kalambo. Barabara ya vumbi itokayo Sumbawanga kuteremkia Kasanga, kwenye Ziwa Tanganyika, ilipita hapo, na magari yake yalileta chumvi, sabuni na kanda za muziki. Wanafunzi wangu walisema Kifipa majumbani mwao. Kiswahili cha kitabuni kiliwatoka kwa taabu, wakisimama katikati ya sentensi kama mtu anayevuka mto kwa kupapasa mawe. Lakini kanda ya Machozi, Jasho na Damu, aliyoitoa Professor Jay mwaka 2001, waliighani mwanzo hadi mwisho bila ya kukwama. Walijua pa kuvuta pumzi. Nikajiuliza: nani aliyewafundisha kituo?

Maneno ni ya Joseph Haule, ndiye huyo Professor Jay. Kituo, hata hivyo, si chake peke yake. Nyuma yake yupo Paul Matthysse, mtoto wa baba Mholanzi na mama Mtanzania, ambaye mashabiki wanamwita P-Funk au Majani, mwenye studio ya Bongo Records ya Dar es Salaam. Juma Nature, Ferooz, Mangwair na wengine wengi walipita mikononi mwake. Yeye hakuandika beti. Alitengeneza ngoma ambamo beti zinakaa, na hoja yangu ni kwamba kazi hiyo nayo ni utunzi, wala mhakiki wa ushairi hana ruhusa ya kuipita kimya.

Katika taarab, kwa desturi, shairi hutangulia. Malenga humaliza kazi yake, kisha fundi wa muziki huitafutia sauti. Katika muziki huu mpya mara nyingi mambo hupinduka: mapigo hutangulia, na mshairi huyakuta yamekwisha kupangwa kama vyumba vya nyumba. Kipimo chake si mizani nane kwa nane, bali ni pigo. Mstari mmoja waweza kubeba silabi kumi na mwingine kumi na sita, mradi kina kiangukie pigo lake. Ufundi wa Majani ni kujua kiasi. Ngoma yake ni nzito, besi yake inatembea chini, na hapo katikati, mahali ambapo fundi mwingine angejaza vinanda, yeye huacha wazi. Pale pa wazi ndipo neno linapokaa. Mtoto wa Matai, ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili, alilisikia neno zima, herufi zake zote.

Nitamlinganisha na fundi wa mbali, maana ulinganisho huu umenisaidia mwenyewe. Stockholm, Sweden, ametokea Max Martin, aliyezaliwa mwaka 1971, akafunzwa kazi na Denniz PoP katika studio ya Cheiron, na tangu mwaka 1999 nyimbo zake zaidi ya 20 zimeshika nafasi ya kwanza Marekani. Huyu huanza na sauti, kisha huhesabu silabi: mstari huu ukiwa na idadi fulani, mwenzake uujibu kwa idadi hiyo hiyo. Je, si mizani hiyo? Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyetuandikia sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, angemwelewa mara moja. (Na tukumbuke, sisi tunaojidai kuwa wenye mizani, kwamba Sheikh Amri alizaliwa Ujiji, kwenye ziwa lile lile la Kasanga.) Ila Msweden huyo hulichagua neno kwa mlio wake kwanza. Wimbo wa I Want It That Way, wa mwaka 1999, maana yake haisimami. Liliandikwa toleo jingine lenye maana iliyonyooka, na waimbaji wakalichagua lile la kwanza. Walichagua vyema, kwani wimbo ule ni mtamu. Lakini ni bahari isiyo na samaki.

Majani angeweza kuifuata njia hiyo, utamu haukumshinda. Sikiliza kiitikio cha Juma Nature katika Zali la Mentali. Hata hivyo, pale maana inapotaka nafasi, ngoma hurudi nyuma. Katika Starehe, ambamo Ferooz anaimba kwa sauti ya mgonjwa anayesimulia yaliyomfikisha kitandani, mapigo hayamharakishi.

Simsifu kwa yote. Ngoma yake haimwokoi mshairi mvivu, humwanika. Zimo kazi zilizotoka katika studio yake ambazo kina cha mwisho kimeburutwa kwa nguvu, na uwazi ule nilioutaja umekuwa utupu. Aidha, sisi tumemdhulumu upande mwingine: kwenye majina ya kanda alitajwa kama fundi mitambo, ilhali mwenziwe wa Stockholm huandikwa mtunzi, na hulipwa kama mtunzi.

Mwaka 2005, wakati wa kampeni, mgombea mmoja alisimama Matai akaanza kuahidi. Wimbo wa Ndio Mzee, unaomkejeli mwanasiasa wa ahadi zisizowezekana, ulikuwa umekwisha kuwa wa kila mtu. Alipomaliza ahadi ya kwanza akavuta pumzi, na katika mwanya huo vijana waliosimama nyuma wakaitikia kwa pamoja, kwa pigo lile lile la kwenye kanda. Watu wakacheka. Mgombea naye akacheka kidogo, akaendelea na ahadi ya pili, akavuta pumzi tena, nao wakaitikia tena.