«Malaika»: ni nani anayeoa?

Wimbo wa «Malaika» umezoewa sana, hata wengi wanauimba bila kuyapima maneno yake. Sisi hapa Mokambo tumezisikiliza tena disiki mbili za zamani za wimbo huo, tupate kuona namna unavyogeuka ukitoka kinywa hiki na kuingia kingine.

Disiki ya kwanza ni ya Fadhili William, Mtaita wa Kenya, nayo ilifanywa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Juu ya mtungaji watu wanabishana: Fadhili alisema ni yeye, wengine wanamtaja Adam Salim wa Tanzania. Shauri hilo hatulikati hapa. Magitari yanakwenda polepole. Sauti ni ya mwanamume mmoja, laini, isiyo na majivuno. Kijana anasema na mpenzi wake: angependa kumwoa, lakini hana mali. Watu wa Katanga tunalielewa neno hilo mara moja: ndiyo mali inayopelekwa kwa wazazi wa binti. Basi huu si wimbo wa mapenzi tu, ni kilio cha maskini. Wakatekista wanawajua vijana wa namna hii, wanaokaa miaka bila ndoa ya Kanisa wakingoja mali itimie.

Disiki ya pili ni ya Miriam Makeba wa Afrika ya Kusini na Harry Belafonte wa Marekani, ya mwaka 1965. Disiki yao kubwa yenye wimbo huo ilipata tuzo ya Grammy mwaka 1966. Kwa uzuri wa sauti, hawa wawili wanamshinda Fadhili. Hilo tunalikubali bila shida. Lakini kwa Kiswahili mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Maneno ya kijana hayakugeuzwa. Katika kinywa cha Belafonte yanakaa sawasawa. Katika kinywa cha Makeba yanachechemea.

Mtu atajibu: mwimbaji anaweza kusema maneno ya mwingine. Ni kweli. Anayesoma maneno ya Pilato siku ya Ijumaa Kuu hageuki Pilato. Lakini pale kila msomaji ana fasi yake. Hapa mume na mke wanasema neno moja, na hatujui tena ni nani aliyekosa mali na ni nani anayengoja. Kilio kinapungua, unabaki utamu.

Makeba tumshukuru, maana aliufikisha wimbo mbali. Kisha Boney M. waliuimba mwaka 1981, na Angélique Kidjo wa Benin mwaka 1991. Lakini anayetaka kujua wimbo unasema nini, arudi kwa Fadhili.

Nanyi mnaofundisha waimbaji, iwe kwa Kilatini, kwa Kibemba ao kwa Kiswahili, ulizeni kwanza: ni nani anayesema, anasema na nani, ana shida gani? Kisha fundisheni sauti.