Njia ya Lami ya Waenda kwa Miguu: Jinsi ya Kuitambua Iliyojengwa Kudumu Lubumbashi

Kuanzia Mei hadi Septemba Lubumbashi karibu haipati mvua. Jua huwaka kila siku juu ya uwanda huu ulio mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, vumbi jekundu hupaka majani ya miembe, na usiku wa Juni na Julai huleta baridi ya kutafutia blanketi. Oktoba joto hupanda. Novemba mawingu hufunguka, na kufikia Aprili huwa zimeshuka milimita 1,200 hivi za mvua. Njia ya lami inayojengwa hapa hupitia jangwa kwa karibu nusu ya mwaka, kisha hupitishwa majini. Mjenzi wa nchi kame hupambana hasa na jua. Wa kwetu hupambana na jua ambalo huifungulia mvua mlango.

Mwongozo huu ni wa wanaoagiza njia za namna hiyo: mkuu wa shule anayetaka watoto wafike darasani bila matope, kamati ya parokia, msimamizi wa hospitali, wakazi wa mtaa waliochangishana. Ni wa raia pia, anayepita kila asubuhi kutoka komine ya Katuba au ya Kenya kwenda mjini na anayetaka kujua kama kazi iliyofanyika mbele yake ni kazi kweli.

Tuanze na wazo linaloharibu njia nyingi. Fundi husema, "Hii si ya magari, baba, tupunguze kidogo." Unene unaweza kupungua, ni kweli. Barabara ya kwenda mpaka wa Kasumbalesa hukandamizwa na malori ya shaba usiku na mchana, ilhali njia ya miguu hubeba watu, baiskeli za makaa na pusupusu. Lakini kinachoiua njia ya miguu ni jua, maji, mizizi na kingo zilizoachwa wazi, wala hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachojali uzito wa anayepita. Zaidi ya hayo, magurudumu ya magari huendelea kuibana lami ya barabara baada ya mafundi kuondoka. Lami ya njia ya miguu haina msaada huo, nayo hukauka juani kama bukari iliyoachwa bila kufunikwa. Kwa hiyo inahitaji uangalifu mwingi kuliko ya barabara: bitumeni (ile gundi nyeusi ya lami) ya kutosha, kokoto ndogo, na kushindiliwa vizuri siku ile ile ya kwanza.

Anza chini

Mhandisi wa Scotland, John Loudon McAdam, aliyefariki mwaka 1836, aliwafundisha watu wa zama zake kwamba mzigo wa barabara hubebwa na udongo wenyewe, na kwamba udongo utaubeba maadamu ni mkavu. Mawe ya juu ni paa lake. Atakayekagua njia ya lami na afike kabla lami haijamwagwa, kwa sababu sehemu kubwa ya ubora wake huzikwa siku hiyo.

Angalia kwanza kama udongo mweusi wa juu, wenye mizizi na majani, umeondolewa wote. Sentimita 15 hadi 20 ni kawaida. Nyasi zilizoachwa chini hutoboa lami nyembamba katika msimu mmoja wa mvua.

Pili, uliza kuhusu vichuguu. Vichuguu vya miombo ya Katanga hufika hata mita 8 kwenda juu, na mji wetu ulijengwa kati yake. Kilichosawazishwa zamani kwa tingatinga bado kina kitako chake ardhini. Udongo huo wa mfinyanzi unafaa sana kwa matofali, ndiyo maana mafundi wa matofali wanaupenda. Chini ya lami ni hatari: hulainika unapolowa, na huwa na mashimo ndani. Mahali njia inapokatiza kitako cha kichuguu, udongo huo uchimbwe, utolewe, na pajazwe kokoto za lateriti.

Lateriti yenyewe, udongo huu mwekundu, tunayo kila upande. Iliyo nzuri kwa msingi ina kokoto ngumu nyingi na udongo wa kuzishikamanisha tu. Chukua konzi moja siku ya kushindilia, uikamue. Ikishika umbo la kiganja na kuvunjika vipande viwili vitatu ukiiangusha, ina unyevu unaotakiwa. Ikimwagika kama mchanga ni kavu mno, na katika Agosti hilo hutokea kila mara mafundi wanapobania maji. Ikiacha maji mkononi imezidi. Kataa kokoto zenye rangi ya kijani, maana ni mawe yenye shaba, na mabaki ya madini hayafai mahali wanapocheza watoto.

Msingi wa njia ya miguu hutosha ukiwa sentimita 10 hadi 15 baada ya kushindiliwa. Kwenye mlango wa gari, hata kama gari ni moja kwa wiki, dai sentimita 20 au zaidi. Kisha fanya jaribio ambalo halihitaji maabara: lori au trekta lenye mzigo lipite polepole juu ya msingi, nawe utembee kando yake macho yakiwa kwenye tairi. Ardhi ikibonyea na kuinuka nyuma ya tairi, kazi irudiwe. Lami haitaponya udhaifu huo.

Maji yapewe pa kwenda

Njia nzuri haiko bapa. Huinama upande mmoja kwa asilimia 2, yaani kwa upana wa mita 1.5 upande wa juu huwa juu zaidi kwa sentimita 3. Pima kwa uzi na mpira wa maji wa mafundi kwenye msingi, kisha upime tena kwenye lami. Mteremko uliokosekana chini hauwezi kutengenezwa kwa kuongeza lami juu. Weka pia ubao ulionyooka wa mita 3 juu ya njia: nafasi chini yake isizidi nusu sentimita hivi.

Halafu uliza swali ambalo wengi hawaulizi: maji yakishatoka kwenye njia yanakwenda wapi? Mtaro unaoishia ukutani kwa jirani ni dimbwi la kesho. Njia inayogusa barabara ya umma inahitaji mazungumzo na komine na OVD, shirika linaloshughulikia barabara za mijini na mifereji, kabla ya koleo la kwanza. Udongo wa pembeni nao uwe chini ya lami kwa sentimita 2 au 3. Ukiwa juu, hugeuka bwawa dogo refu, na maji hunywewa na msingi kupitia ukingoni.

Siku ya lami

Bitumeni huletwa kutoka nje ya nchi kwa safari ndefu, na ikifika huwa ghali. Kwa sababu hiyo vishawishi viwili huonekana: kuipunguza kwenye mchanganyiko, na kuchemsha tena na tena mapipa yaliyobaki. Macho na pua vinaweza kuvitambua vyote viwili.

Mchanganyiko ukifika na lori, simama upande usio na moshi. Moshi wa rangi ya samawati maana yake bitumeni imeunguzwa. Itapasuka mapema, hata ikionekana nyeusi na nzuri leo. Mvuke mweupe mwingi maana yake mawe hayakukaushwa. Mzigo uliojichongea kilele kikavu, wenye rangi ya kahawia isiyong'aa, una bitumeni kidogo au umepoa. Mzigo uliojilaza bapa na kumetameta una bitumeni nyingi mno, nao Oktoba utashika visigino vya viatu. Mzuri huwa mweusi wenye mng'ao wa wastani, kila jiwe limevikwa, na ndani yake joto la nyuzi 140 hadi 160. Kipimajoto chenye mchi wa chuma ni bei ndogo ukilinganisha na hasara.

Mawe makubwa kabisa kwenye mchanganyiko wa njia ya miguu yasizidi milimita 10. Unene baada ya kushindiliwa uwe sentimita 4 hadi 5. Hapa hesabu inakusaidia kuliko maneno: njia ya mita 100 kwa upana wa mita 1.5 na unene wa sentimita 4 ni mita za ujazo 6, yaani karibu tani 14. Omba karatasi za mizani za malori na ujumlishe. Zikifika tani 9 tu, hakuna haja ya kubishana.

Kabla ya kumwaga, msingi uwe umenyunyiziwa bitumeni nyepesi, nayo iwe imenyweka na kukauka. Madimbwi meusi yanayong'aa ni kosa, vumbi juu yake pia ni kosa.

Msimu wa kazi hii ni kiangazi, ila saa zake zina umuhimu. Tabaka la sentimita 4 hupoteza joto kwa dakika chache tu, na upepo wa asubuhi ya Julai hulipoza haraka zaidi. Fundi anayejua kazi husubiri jua lipande, huleta rola karibu kabla lori halijafika, na humaliza kushindilia kabla joto la lami halijashuka chini ya nyuzi 80 hivi. Ukiona lami imemwagwa mita nyingi huku rola inatafutiwa mafuta, jua kwamba hapo pamebaki matundu ndani. Matundu hayo ndiyo yanayoingiza hewa ya kuikausha bitumeni wakati wa kiangazi na maji wakati wa masika. Mwisho wa kazi ya siku ukatwe wima na upakwe bitumeni kabla ya kuunganishwa na ya kesho yake.

Kingo na miti

Ukingo ni mahali pa kwanza pa kufa. Uwe na mawe ya ukingo, matofali ya betoni au mstari wa zege. Na kama fedha haitoshi, lami ipigwe ukingoni kwa mteremko, ishindiliwe, kisha udongo ubanwe kando yake. Ukingo ulioachwa wima na wazi unavunjwa na pusupusu ya kwanza.

Miti ni neema ya mji huu, na hakuna atakayetembea Oktoba bila kivuli cha miembe na jakaranda. Lakini mizizi hufuata unyevu uliofichika chini ya lami wakati wa kiangazi, kisha huiinua. Anayeujua ufundi huu hupindisha njia mita 2 au 3 kutoka kwenye shina. Pasipo nafasi ya kupinda, huweka pave za betoni kipande hicho, kwa kuwa pave zinaweza kung'olewa na kupangwa upya. Fundi anayekata mizizi mikubwa yote ya upande mmoja anaua mti na njia kwa pamoja, maana mti huo unaweza kuanguka na upepo wa mvua za kwanza.

Kuisoma njia iliyokwisha kujengwa

Hata kama hukuwepo siku ya ujenzi, njia husimulia. Nyufa za vipande vidogo vidogo zilizoungana kama ngozi ya mamba zinasema msingi umelowa na kulegea. Kuzipaka lami juu ni kupoteza fedha. Nyufa ndefu zilizochora miraba mikubwa zinasema bitumeni imezeeka kwa jua, na hapo kuziba mapema kunaokoa. Ufa mmoja unaofuata ukingo unasema kingo hazikushikwa. Kuzama kwa mstari ulionyooka kunaonyesha mtaro wa bomba uliofukiwa bila kushindiliwa. Kokoto zilizolegea zinazokwaruza chini ya viatu zinaonyesha bitumeni haba au rola iliyochelewa.

Kwa lami mpya, mimina kikombe cha maji juu yake. Yakinywewa mara moja, matundu ni mengi. Rudi saa nane mchana ya Oktoba, usimamishe baiskeli kwa stendi yake: isizame. Kisha omba kikatwe kipande kidogo mahali utakapochagua wewe, si fundi. Pima unene, tazama kama kila jiwe limevikwa na kama tabaka limeshikana na msingi. Tundu hilo huzibwa kwa dakika kumi, na fundi mwaminifu hatakasirika.

Lipa kwa kalenda ya mvua

Mikataba yetu ya ujenzi huweka kupokea kazi mara mbili: kwa muda, kisha kabisa. Itumie desturi hiyo hata kwa njia ya mita 80 ndani ya ua wa shule. Pokea mara ya kwanza Agosti au Septemba, zuia sehemu ya malipo mliyokubaliana kwa maandishi, na umalizie baada ya Aprili, msimu mzima wa mvua ukishapita. Tembeeni pamoja, wewe na fundi, nusu saa baada ya mvua kubwa ya Januari. Kila dimbwi lililobaki liwekewe alama ya chokaa na litengenezwe kwa gharama ya fundi.

Wengi wa Lubumbashi huenda kwa miguu, na wamezoea kupewa kilichobaki baada ya magari kuhudumiwa: ukingo wa mtaro, vumbi, matope. Njia ya miguu iliyojengwa kwa vipimo kamili inawapa haki yao. Mwenye kuiagiza ajue kuidai, kipimo kwa kipimo, tangu udongo wa chini hadi malipo ya mwisho.