Kinyumenyume Hadi Willowdale

Mafundi wa jukwaa wanaingia wimbo ukiwa bado unapigwa. Hawakimbii wala hawajifichi. Mmoja anasukuma kasha, mwenzake anaondoa pambo, wa tatu anaweka amplifaya nyingine mahali pa ile iliyotoka, kisha wote wanapotea gizani. Wanamuziki watatu hawageuzi hata shingo. Ni Toronto, Juni 2015, katika maonyesho mawili yaliyorekodiwa na kutolewa kwa jina la R40 Live. Bendi ya Rush inasimulia maisha yake ya kazi kwa kuyafumua: inaanza na nyimbo za 2012, kisha inarudi nyuma albamu baada ya albamu hadi ile ya kwanza, ya 1974. Kadiri miaka inavyorudi nyuma, ndivyo jukwaa linavyopungua.

Rekodi hiyo nimeitazama hata watu wa nyumbani wamenichoka. Siku hizi siangalii sura. Naangalia mikono, na miguu.

Geddy Lee anapiga gitaa la besi na vinanda, na ndiye anayeimba. Alex Lifeson yuko kwenye gitaa. Neil Peart yuko kwenye dramu, na mashairi ya nyimbo karibu zote ni yake. Basi. Aliyezoea bendi zetu za dansi, zenye solo, rithim, tarumbeta na safu ya waimbaji, atatafuta wengine wamekaa wapi. Hawapo.

Nyimbo za mwanzo zinatoka Clockwork Angels ya 2012. Mtazame Peart hapa. Ana miaka 62, amenyooka mgongo, uso hauna habari yoyote. Huyu ni mtu ambaye kwa miongo kadhaa alipanga kila pigo kabla ya kuingia studio, akalifanyia mazoezi, akalihifadhi kichwani kama mtu anayehifadhi sura ya msahafu. Lakini albamu hii aliirekodi kwa namna nyingine kabisa. Aliingia akiwa hajazifanyia nyimbo mazoezi, na mtayarishaji wao, Nick Raskulinecz, akasimama mbele yake na mkwiro mkononi akimwongoza kama kiongozi wa okestra: hapa ingia, hapa tulia, hapa vunja. Ukisikiliza “Headlong Flight” kwa makini utayasikia mapigo ambayo hayakupangwa, lakini hayapotei njia hata mara moja. Uhuru wa aina hiyo hauji bure. Ilimchukua miaka mingi kuufikia, na jukwaa linaporudi nyuma tunaonyeshwa ulikotoka.

Baadaye unakuja “How It Is”, wa albamu ya mwaka 2002. Kati ya albamu hiyo na iliyoitangulia kulikuwa na ukimya wa karibu miaka sita. Agosti 1997 binti wa Peart, aliyekuwa mtoto wake pekee wakati huo, alifariki katika ajali ya gari. Mwaka uliofuata mke wake akafa kwa saratani. Peart aliweka mikwiro chini, akapanda pikipiki na kuzunguka Amerika Kaskazini hadi Meksiko, safari ya kilomita 88,000 hivi. Wenzake hawakutafuta mtu wa kumkalia kiti. Walingoja.

Kabla ya msiba huo lilikuwepo jambo jingine, ambalo ndilo hasa lililonifanya nimheshimu. Mwaka 1994 Peart alikuwa akisimamia kurekodiwa kwa albamu za kumuenzi mpiga dramu Buddy Rich, na wapiga dramu wengi mashuhuri walipita studio. Mmoja wao, Steve Smith, alimshangaza kwa jinsi alivyokuwa amebadilika. Akamuuliza siri yake. Jibu likawa jina la mtu: Freddie Gruber, mwalimu mzee aliyekuwa rafiki wa Buddy Rich mwenyewe. Peart, mwenye miaka zaidi ya arobaini, ishirini kati ya hiyo akiwa ndani ya Rush, jina lake likitajwa kila palipotajwa dramu za roki, akaenda kwa mzee huyo kuwa mwanagenzi.

Gruber hakumfundisha mapigo mapya. Alimfundisha kinachotokea kati ya pigo na pigo: mkwiro ukishagonga unakwenda wapi, unageukaje hewani, unarudi kwa njia gani. Kiti kikabadilishwa, na mpangilio wa dramu ukabadilishwa. Mkono wa kushoto ukaacha kushika mkwiro kama nyundo, ukaushika kwa chini, kiganja kikitazama juu, kama walivyoshika wapiga ngoma wa gwaride ambao ngoma zao zilining'inia kwa mkanda na kulala upande. Kwa mtu aliyezoea kushika vingine tangu ujana, hiyo ni sawa na kujifunza kuandika kwa mkono mwingine. Alifanya mazoezi kila siku kwa miezi mingi kabla ya kurudi studio na wenzake kurekodi Test for Echo ya 1996.

Mafundi wanaingia tena. Kinatoka hiki, kinaingia kile. Miaka ya tisini inapita haraka, nami sitaikawiza.

Miaka ya themanini inaleta vinanda, na inaleta wimbo ambao bendi ilikuwa haijawahi kuupiga mbele ya watu tangu iurekodi mwaka 1982 mpaka ziara hii: “Losing It”. Unamhusu mcheza dansi ambaye mwili umeanza kumkatalia, na mwandishi ambaye maneno yamemkimbia. Ben Mink, aliyepiga fidla kwenye rekodi ya awali, amekuja kuipiga tena. Wakati huo Lifeson ana ugonjwa wa baridi yabisi unaoshika viungo, na Peart ana maumivu ya muda mrefu ya kano za mikono. Hakuna anayelisema hilo jukwaani. Wanaupiga tu, kwa hesabu ya mapigo matano, bila kukosea.

Kisha “Subdivisions”. Hapa kamera ikishuka, mtazame Lee. Mikono miwili iko kwenye kinanda. Mdomo uko kwenye maikrofoni. Miguu inakanyaga pedali zinazotoa sauti nzito za besi, kama mtu anayecheza kinanda cha kanisani. Ghafla mikono inaachana na kinanda na kulidaka gitaa la besi lililokuwa likining'inia kifuani, na kidole cha shahada kinaanza kwenda na kurudi, kucha ikigusa uzi kila upande. Sauti haikatiki. Angeweza kuajiri mpiga kinanda, na walishalifikiria hilo. Wakaamua wabaki watatu, kazi iongezeke kwa kila kiungo cha mwili.

Baada ya mapumziko Peart anakaa kwenye dramu nyingine. Zile za kisasa zimeondoka. Hizi zimetengenezwa kufanana na alizotumia mwishoni mwa miaka ya sabini, nyeusi, zenye ngoma mbili kubwa za miguu, na nyuma yake zimesimama kengele za mabomba. Mtu wa miaka 62 amerudi kwenye karakana ya kijana wa miaka 26, na itabidi mikono ipite njia za zamani.

“YYZ” ya 1981 ndiyo ninayoirudia kuliko zote. YYZ ni alama ya uwanja wa ndege wa Toronto, na mtambo wa redio wa kuongozea ndege uliitangaza kwa alama za Morse. Walipokuwa wakirudi nyumbani kwa ndege waliisikia ikipigwa kwenye redio ya rubani, wakaona kumbe ni mdundo. Y ni mstari, nukta, mstari, mstari. Z ni mstari, mstari, nukta, nukta. Upe kila mstari sehemu mbili na kila nukta sehemu moja: Y inakuwa saba, Y ya pili saba, Z sita. Jumla ishirini, yaani mapigo matano yenye sehemu nne kila moja. Hawakuongeza wala kupunguza alama. Peart anaianzisha kwa kugonga visahani vidogo vya shaba, sauti kali na safi kama ya kijiko kwenye bilauri, kisha besi na gitaa vinaingia juu ya hesabu ile ile, vyote vitatu vikitua na kunyanyuka pamoja. Waliirekodi Le Studio, kando ya ziwa huko Morin-Heights, Quebec, kwa ajili ya albamu ya Moving Pictures.

Tunazidi kurudi. Kwenye “Xanadu” Lee na Lifeson wote wamevaa magitaa yenye shingo mbili, mzigo ambao vijana wangeulalamikia. Peart ameshapiga solo yake katikati ya “Cygnus X-1”. Kisha “2112”, na hapa inafaa kusimama kidogo. Mwaka 1975 albamu yao ya tatu, Caress of Steel, ilianguka vibaya, na ziara yake wao wenyewe waliibatiza jina la kuzama. Kampuni ya rekodi ilitaka nyimbo fupi za redioni. Wao wakaenda wakaandika kisa kimoja cha dakika 20, kikajaza upande mzima wa santuri. Peart alikuwa tayari kurudi dukani kwa baba yake St. Catharines kuuza vipuri vya mashine za kilimo. Hakuhitaji kurudi: albamu iliuzwa, na tangu hapo hakuna aliyewaamulia urefu wa wimbo.

Za mwisho ni za mwanzo. Peart aliingia bendini Julai 1974, baada ya mpiga dramu wa kwanza, John Rutsey, kujitoa. Wiki mbili baadaye walikuwa Pittsburgh mbele ya watu zaidi ya 11,000. Kabla yake kulikuwa na albamu moja tu, waliyoitoa kwa lebo yao wenyewe kwa sababu makampuni yaliikataa. Donna Halper, aliyekuwa akifanya kazi katika redio ya WMMS ya Cleveland, aliteua humo “Working Man”, wimbo wa mtu anayeamka kwenda kazini na kurudi hana nguvu, akaupeleka hewani katika mji wa viwanda. Simu zikaanza kulia.

Ndio wimbo wanaofungia onyesho. Jukwaani karibu hakuna tena kitu. Amplifaya mbili zimewekwa juu ya viti, na nyuma yao ipo picha ya ukumbi wa mazoezi wa shule, kama zile walizopigia Lee na Lifeson walipokuwa vijana wa Willowdale, kitongoji cha Toronto. Mafundi hawana tena cha kuondoa.

Onyesho la mwisho la ziara hiyo lilikuwa Los Angeles, tarehe 1 Agosti 2015. Kwa miaka 41 Peart hakuwa na desturi ya kwenda mbele ya jukwaa onyesho likiisha. Akimaliza, alikuwa akitokea nyuma. Usiku huo aliinuka, akazunguka dramu zake, akaja mbele akawakumbatia wenzake mabegani. Alifariki tarehe 7 Januari 2020 kwa saratani ya ubongo. Oktoba 2025 Lee na Lifeson walitangaza ziara ya mwaka 2026, na wakamteua Anika Nilles wa Ujerumani kwenye dramu.

Kama hujawahi kuwasikiliza, anza na “YYZ”. Haifiki dakika tano, na haina maneno ya kukupotezea lengo. Gonga mezani kwa kidole: saba, saba, sita.