Ahadi Isiyo na Mtenda: Lugha ya Siasa Masisi na Walikale

Wahenga walinena kuwa ahadi ni deni. Lakini deni halidaiki mpaka ajulikane mdaiwa na siku ya kulipa. Lugha ya kisiasa inayohusu wilaya za Masisi na Walikale, katika Kivu ya Kaskazini, huyaficha yote mawili, na chombo chake kikuu ni sarufi.

Zilinganishwe sentensi tatu: «Tutarejesha amani», «Amani itarejeshwa», «Amani itapatikana». Ya kwanza ina nafsi inayoweza kudaiwa. Ya pili, kwa kiambishi -w-, imemwondoa mtenda, hata hivyo msikilizaji aweza kuuliza, «Na nani?» Ya tatu imeliziba hata swali hilo: amani itakuja yenyewe, kama mvua.

Kitenzi-jina huficha zaidi. Mwezi Machi 2025, M23 walipokwisha kuutwaa mji wa Walikale, walitangaza «kuvipanga upya» vikosi, usemi usiotamka kuondoka. Mji uliachwa mwezi Aprili. Azimio la Kanuni lililotiwa saini Doha tarehe 19 Julai 2025, baina ya Serikali ya Kongo na AFC/M23, lilitaja kurejeshwa kwa mamlaka ya dola. Mara moja msemaji wa Serikali, Patrick Muyaya, aliufasiri usemi huo kuwa M23 wataondoka katika maeneo waliyoyateka. M23 wakakana kwamba wameahidi kuondoka. Maneno yenyewe yaliziruhusu fasiri zote mbili. Kwa mkimbizi wa Masisi, hiyo ndiyo tofauti ya kurudi shambani au kubaki hemani.

Yaweza kudaiwa kwamba bila maneno mapana mahasimu wasingeketi pamoja. Hoja hii ina uzito. Tena, tarakimu si dhamana: utawala wa kijeshi wa dharura, ulioanza tarehe 6 Mei 2021 kwa siku 30, uliongezwa tena na tena kwa vipindi vya siku 15. Lakini siku zile zilihesabika, na kila raia aliweza kuonyesha pale ahadi ilipovunjika. Ahadi isiyo na mtenda haivunjiki, na hapo ndipo penye hatari yake.

Mwezi Desemba 2023 vita viliwazuia watu wa Masisi wasipige kura. Asiye na kura hubakiwa na neno alilopewa. Ndiyo maana uchambuzi wa kauli ya kutendwa haufai kuishia katika mtihani wa sarufi: mwanafunzi na afunzwe kuuliza, kila kiongozi anaponena, ni nani atakayetenda, na lini.