Plagi, Tairi na Mnyororo: Uchambuzi wa Kazi ya Fundi Mmoja wa Ngamiani

Katika gereji za pikipiki za Ngamiani, mjini Tanga, kazi iliyo nyingi kupita zote si ile ya kupasua injini na kutandaza vyuma vyake juu ya gunia, bali ni ile ndogo ya kila siku, ambayo kwa kuwa ni ndogo aghalabu hufanywa kwa haraka, na kwa kuwa hufanywa kwa haraka ndiyo izaayo ile kubwa. Kazi ninayokusudia kuichambua hapa ni ya aina hiyo. Pikipiki ya abiria ililetwa na dereva wake kwa ajili ya plagi peke yake, ikaondoka ina plagi mpya, tairi jipya la nyuma, na mnyororo mpya pamoja na sproketi zake mbili. Na fundi aliyeitengeneza, mtu mzima asiyependa maneno mengi, alifuata mpango ambao ukiupima kwa mizani ya uhandisi huoni hatua iliyokaa mahali pasipo pake.

Injini ya pikipiki hiyo ni ya ukoo wa Honda CG125, ulioanza kuuzwa mwaka 1976 na ambao umeenea Afrika Mashariki kwa njia ya pikipiki za Kichina zilizoiga muundo wake. Waliouchora walijua kwamba katika nchi nyingi chombo hiki kitapakizwa kupita kiasi na oili yake itakawia kubadilishwa. Kwa hiyo waliacha kuiweka kemu juu ya kichwa cha silinda, ambako ingehitaji mnyororo wa ndani na oili safi wakati wote, wakaiteremsha chini na kuzifungua vali kwa fito za kusukuma, na mnyororo wa nje wakaufunika wote kwa kasha la bati. Injini ikawa stahimilivu kweli kweli. Walakini yako mambo matatu ambayo mhandisi, awe hodari namna gani, hawezi kumwondolea mwenye chombo dhamana yake, nayo ni cheche inayowasha mafuta, mpira unaoshika barabara, na mnyororo unaopeleka nguvu kutoka huku kwenda kule.

"Shikamoo, fundi," alisema dereva. "Inakatakata nikivuta mafuta. Nitilie plagi mpya niwahi kijiweni."

"Marahaba, mwanangu. Plagi utapata, lakini ngoja injini ipoe, kisha niitazame hiyo ya zamani."

Kungoja huko si uvivu. Kichwa cha silinda ni cha alumini, na plagi ni ya chuma. Mtu akiilazimisha plagi kutoka injini ingali moto, huenda akatoka nayo pamoja na nyuzi za alumini, na hapo kazi ya dakika tano hugeuka kuwa kazi ya kupeleka kichwa kwa mchongaji. Ilipopoa, fundi alipuliza kwanza vumbi lililolala kuizunguka plagi, maana mchanga ukidondoka tunduni hauna njia ya kutokea ila kwa kuikwaruza silinda, ndipo akatia spana. Plagi ilitoka nyeusi, kavu, imejaa masizi.

Plagi iliyofanya kazi yake sawasawa hutoka na rangi ya hudhurungi nyepesi kwenye kauri yake. Iliyolowa oili hutoa ushahidi wa pete au vali zilizochakaa. Iliyo nyeupe yenye vipele husema kwamba moto umezidi. Na nyeusi kavu kama hii maana yake ni kwamba mafuta ni mengi kuliko hewa. Kwa hiyo fundi hakukimbilia kuweka mpya, bali alifungua kasha la chujio la hewa, akakuta sponji imeziba kwa vumbi jekundu, akaifua kwa mafuta ya taa, akaikausha, akaichovya katika oili nzito na kuikamua. Lau angaliweka plagi mpya na kuliacha chujio vilevile, plagi hiyo nayo ingalikuwa nyeusi baada ya muda mfupi, na dereva angaliamini kwamba ameuziwa plagi mbovu.

Plagi aliyoichagua ni ile iliyoandikwa D8EA, na maandishi hayo yafaa kujulikana na kila mnunuzi: D ni upana wa nyuzi, milimita 12, E ni urefu wake, milimita 19, na 8 ni kiasi cha plagi kupoteza joto, ambacho kwa mtengenezaji wa plagi hii namba ikipanda plagi huwa baridi zaidi, ilhali wako watengenezaji wengine ambao hesabu yao huenda kinyume. Ncha ya plagi sharti ipate joto la kutosha kuyaunguza masizi yake yenyewe, takriban nyuzi 500 za Selsiasi, lakini isifikie kiasi cha 850, ambapo huanza kuyawasha mafuta kabla ya wakati. Basi anayesema plagi ni plagi, na kununua yoyote inayoingia tunduni, anaiharibu injini bila ya kujua. Fundi alipima mwanya wa cheche kwa kibati cha kupimia, akaurekebisha uwe baina ya milimita 0.6 na 0.7, akaizungusha plagi kwa vidole mpaka ikakaa, ndipo akaimalizia kwa spana nusu mzunguko tu.

Tairi la nyuma dereva hakulitaja, ingawa katikati lilikuwa limelika mpaka michirizi yake imefutika. Fundi alimwonyesha kwa kidole, dereva akanung'unika, kisha akakubali. Hapa ndipo hekima ya mpango wake ilipodhihirika, kwani tairi halibadiliki mpaka gurudumu litoke, na gurudumu likitoka mnyororo hulegea na breki hufunguka. Anayeurekebisha mnyororo kwanza na kubadili tairi baadaye atakuwa ameifanya kazi moja mara mbili. Fauka ya hayo, gurudumu likiwa chini ndiyo nafasi bora ya kuzitazama bitana za breki, mipira inayopunguza mshindo ndani ya habu, na meno ya sproketi kubwa.

Tairi jipya liliandikwa 3.00-18, yaani upana wa inchi 3 kwa rimu ya inchi 18. Fundi alilisoma ubavuni kabla ya kulipokea dukani, akitafuta tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT, ambazo mbili za mbele ni wiki na mbili za nyuma ni mwaka, hata 2319 ikawa ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kwa maana mpira huzeeka hata ukiwa rafuni, na tairi lililokaa miaka mingi dukani ni gumu na lina nyufa ndogo ingawa halijakanyaga barabara. Alitia tyubu mpya vilevile. Wako wanaodhani kwamba kuirudisha tyubu ya zamani ni kubana matumizi, lakini tyubu iliyokwisha kutanuka hujikunja ndani ya tairi jipya, na penye mkunjo ndipo itakapopasuka.

Ustadi wa kuvisha tairi hauko katika nguvu za mikono. Rimu ina bonde katikati, na ukingo wa tairi una waya usiovutika. Ukiusukuma ukingo wa upande mmoja ukaingia bondeni, upande wa pili hupata nafasi ya kuvuka mdomo wa rimu kwa urahisi, na asiyelijua hilo hupambana na vyuma vya kubandulia mpaka akaitoboa tyubu. Fundi huyu alipaka maji ya sabuni, akaijaza tyubu upepo kidogo tu ili isijikunje, akahakikisha utepe wa ndani unazifunika ncha za spoku, akautazama mshale wa mwelekeo, na alipomaliza kujaza upepo alilizungusha gurudumu akiutazama mduara ulio karibu na mdomo wa rimu kuona kama umekaa sawa pande zote. Kisha akatoa kipimo cha upepo, chombo ambacho katika gereji nyingi hakipo, kidole gumba kikishika nafasi yake. Kwa pikipiki za kiasi hiki, dereva akiwa peke yake, kitabu aghalabu hutaja ratili 25 kwa inchi ya mraba mbele na 28 nyuma, nayo ya nyuma huongezwa akipakia abiria. Upepo ukipungua, tairi hujikunja kila linapogusa ardhi, likapata joto, na hatimaye huteleza juu ya rimu na kuivuta tyubu mpaka shina la valvu likakatika.

Sasa nifike kwenye mnyororo, ambao ndio kiini cha uchambuzi huu, kwa kuwa sioni sehemu nyingine ya pikipiki inayodhulumiwa kuliko huu. Mnyororo wa namna hii, uliobuniwa na Hans Renold huko Manchester mwaka 1880, si kipande cha chuma kinachovutika kama watu wasemavyo. Kila kiungo kina pini inayozunguka ndani ya kikombe cha chuma, na juu ya kikombe kuna rola inayoukanyaga mwanya wa meno. Mnyororo hurefuka kwa sababu pini na kikombe vimelika, kila kimoja kiasi kidogo kisichoonekana, na vidogo hivyo vikikusanywa katika viungo zaidi ya mia moja huwa urefu unaoshikika mkononi. Maadamu ni hivyo, mnyororo mrefu ni mnyororo mchakavu, na kuukaza hakuurudishii ujana wake.

Ithibati yake ni rahisi. Mnyororo wa kipimo cha 428 una milimita 12.7 kutoka pini hadi pini, hata pini 21 zenye nafasi 20 baina yake huwa milimita 254 ukiwa mpya; ukifika 259, yaani asilimia 2 zaidi, umekwisha. Fundi aliuvuta ukakazika, akaweka rula ya chuma, akamwita dereva asome mwenyewe, na kipimo kilikuwa kimeipita 259 waziwazi. Meno ya sproketi ndogo yalikuwa yamechongoka na kulalia upande mmoja, nayo hutangulia kuchakaa siku zote, kwa sababu ina meno machache, na kila jino hukutana na mnyororo mara nyingi zaidi kuliko jino la sproketi kubwa. Ndiyo maana alikataa katakata kubadili mnyororo peke yake: mnyororo mpya ukipandishwa juu ya meno mabovu hukaa juu juu, nguvu yote ikabebwa na rola chache, na baada ya muda mfupi unafanana na ule uliotupwa.

Kilichouua mnyororo ule ni vitu viwili, navyo ni vya kawaida kwetu. Kwanza, kasha lake lilikuwa limevuliwa, kama wafanyavyo wengi kwa kuwa hupiga kelele likilegea, na hivyo mchanga na hewa ya chumvi ya pwani vikawa na njia nyeupe. Pili, dereva alizoea kuupaka oili chafu iliyomwagwa kutoka injini, kwa dhana kwamba mafuta ni mafuta. Oili hiyo imebeba chembe za chuma na masizi, ikichanganyika na mchanga huwa tope linalosaga kama tupa. Kinachofaa ni kuusugua kwa brashi na mafuta ya taa, kuufuta, kisha kutia oili ya giabox, ya SAE 80 au 90, matone machache upande wa ndani, jioni baada ya kazi mnyororo ungali na joto, ili oili ipate usiku kucha wa kupenya kwenye pini, na inayobaki nje ifutwe asubuhi. Petroli isikaribie, seuze pale mnyororo ulipo na pete za mpira zinazofungia grisi ndani.

Katika kuufunga, fundi alielekeza upande uliozibika wa klipu kule mnyororo unakokwenda, klipu isije ikanaswa na kitu ikafunguka. Kisha akakaza virekebishio vya kushoto na kulia kwa alama zilizo sawa, akazungusha gurudumu taratibu kutafuta mahali mnyororo ulipokaza zaidi, na hapo akaacha mchezo wa milimita 20 hivi, katikati ya sehemu ya chini. Hakuishia hapo. Aliwaita watu wawili wakae juu ya kiti, akapima tena.

Hatua hii wengi huiruka, nayo ina sababu madhubuti. Sproketi ndogo iko mbele ya bawaba ya uma wa nyuma, kwa hiyo shokapu zikibonyea kwa uzito, na ekseli ikakaribia kuwa mstari mmoja na bawaba na sproketi, umbali baina ya sproketi mbili huongezeka. Mnyororo uliokazwa vizuri pikipiki ikiwa tupu juu ya stendi ya kati, waweza kuwa umenyooka kama uzi wa kupimia wakati abiria wamepanda, na mzigo huo wote huangukia beringi ya giabox, ambayo haibadilishwi bila ya kuipasua injini. Kwa pikipiki isiyopakia mtu kosa hili hukawia kuonekana. Kwa ya abiria ndiyo ada yake ya kila siku. Alipoona mchezo haujaisha, fundi alikaza nati ya ekseli, akatia pini mpya ya usalama, akarekebisha fimbo ya breki iliyokuwa imebadilika urefu kwa kuhama kwa gurudumu, akalirudisha kasha la mnyororo na kulikaza ili lisipige kelele, na akamhadharisha dereva aendeshe kwa upole mwanzoni, kwa kuwa uso wa tairi jipya una utelezi, na arudi baada ya siku chache mnyororo upimwe tena, maana mpya hulegea upesi kabla ya kutulia.

Dereva alilipa zaidi ya alivyonuia, na nakiri kwamba kwa mtu anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni hilo si jambo jepesi. Hata hivyo, katika vyote alivyolipia siku ile, sioni kilichofikia mwisho wake wa haki. Plagi iliuawa na chujio chafu, na tairi na mnyororo vilikufa kwa kukosa kipimo na matunzo. Ninawasihi basi viongozi wa vijiwe, ambao tayari hukusanya michango ya misiba na maradhi, watenge sehemu ndogo ya fedha hiyo wanunue pampu ya mguu, kipimo cha upepo, rula ya chuma na kopo la oili ya giabox, viwekwe kijiweni kwa matumizi ya wote, na kila dereva apime pikipiki yake kabla ya kumpakia abiria wa kwanza wa wiki.